Sabuni ya mawese: namna ya kuitengeneza nyumbani bila kuungua

Jamaa ikikosa feza, sabuni njo kitu cha kwanza kinachoondolewa ku orodha ya soko. Unga unanunuliwa, makala ya kupikia yananunuliwa, sabuni inangoja. Nguo za watoto zinapigwa maji matupu na kuanikwa. Sabuni nyingi inayouzishwa mashariki mwa Congo inavuka mpaka kutoka Uganda, Rwanda, Burundi ao Tanzania, na bei yake inafwata dolari na hali ya barabara. Siku barabara inafungwa, kipande kinapanda bei ao kinapunguka ukubwa.

Lakini mashariki iko na mafuta. Mawese yanatoka Fizi, Walikale, Beni, Mambasa, Kalemie, Kasongo na Kindu, yanasafiri kwa mabidoni ya manjano hadi masoko ya mijini. Mafuta hayo, maji na soda kostiki vinatosha kwa kutengeneza sabuni ya kufulia. Hakuna mashine, hakuna umeme. Ni kazi ya mikono ambayo wamama wa likelemba, vijana wasio na kazi na jamaa zilizokimbia vita wanaifanya katika miji na vijiji vingi.

Shida iko moja: soda kostiki haisamehe. Ikipungua sana, sabuni inabaki laini na ya mafuta. Ikizidi, inakula mikono ya yule anayefua. Ikiachwa mahali mtoto anafika, inaweza kumharibia koo kwa maisha yake yote. Njo maana maelezo haya yanatanguliza mizani mbele ya beseni: sabuni nzuri inatoka kwanza ku hesabu.

Sabuni inazaliwa namna gani

Mafuta na maji havipatani. Kila mpishi anajua. Soda kostiki ikiingia kati, mafuta yanavunjika na kugeuka vitu viwili: sabuni na gliserini. Gliserini ni ile maji tamu na nzito inayobaki ndani ya sabuni ya nyumbani na kusaidia ngozi isikauke sana. Kazi ikienda vizuri, soda yote inakwisha. Sabuni iliyokomaa haina soda tena ndani yake, hata kama ilitengenezwa na soda. Soda ikizidi mafuta, ile iliyobaki inakaa ndani ya kipande, inangoja mikono ya mtu.

Zamani watu walitumia majivu. Maji yaliyochujwa mu majivu yako na potasi, ndugu ya soda, na yakipikwa pamoja na mafuta yanatoa sabuni laini. Mwaka wa 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata namna ya kutoa soda ku chumvi ya kawaida, na viwanda vikaacha kutegemea majivu. Mwaka wa 1823 Mfaransa mwingine, Michel Eugène Chevreul, akaandika wazi mafuta yanageuka sabuni namna gani.

Congo iliingia katika historia hiyo kwa njia ya mafuta yake. Mwaka wa 1911 Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya ngazi na kuanzisha Huileries du Congo Belge. Mawese ya Congo yalisafirishwa Ulaya, yakafanywa sabuni kule. Wakongomani walipanda miti na kukata ngazi kwa kazi ngumu, na mwaka wa 1931 Wapende wa Kwilu waliasi dhidi ya kazi na kodi hizo. Leo mama wa Baraka ao wa Kindu anayegeuza bidoni yake kuwa sabuni mu parseli yake anabakiza nyumbani faida iliyokuwa inasafiri.

Vifaa vinavyohitajika

Cha kwanza ni mizani. Ile ndogo ya jikoni, inayoonyesha gramu moja moja na kubeba kilo 5, inatosha. Kikundi cha watu kumi kinaweza kuchanga na kununua moja. Kopo ya nyanya ao kikombe haiwezi kuchukua nafasi yake, sababu soda inauzishwa kwa sura mbili: punje za mviringo na magamba bapa. Kopo lile lile likijazwa punje linabeba soda nyingi kuliko likijazwa magamba. Mtu aliyejifunza kwa kopo, siku akibadilisha mchuuzi, sabuni yake inaharibika bila yeye kujua sababu.

Vingine ni hivi:

- Ndoo mbili za plastiki nzito, moja ya soda na moja ya kuchanganyia. Zisirudi tena ku chakula.
- Mti mrefu wa kukorogea, ulio safi na mkavu.
- Sanduku la mbao la kumwangia, likitandikwa sashe ya plastiki ndani. Kwa kilo moja ya mafuta, sanduku la sentimeta 25 urefu, 8 upana na 8 kimo linatosha.
- Ganti za mpira, miwani ya kufunika macho, nguo ya mikono mirefu, viatu vilivyofungwa.
- Maji safi mengi karibu, kabla ya kufungua soda. Yale ya kuoshea ajali yasihesabiwe pamoja na ya kazi.

Sufuria ya aliminiamu haifai hata kidogo, na jamaa nyingi hazina ingine. Soda inakula aliminiamu, inachemka na kutoa gesi inayoweza kuwaka moto. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki pia inaliwa. Chuma cheusi, inoksi na plastiki nzito njo vinavyovumilia. Chupa ya kioo inaweza kupasuka sababu ya moto wa soda.

Mafuta gani, maji gani

Mafuta mazuri ya chakula yaende ku chungu. Kwa sabuni, mafuta yaliyozeeka, yaliyochacha, yale ambayo mpishi anayakataa, yanafaa vizuri. Yanaacha harufu kidogo, na yanashika haraka kuliko mafuta mapya, kwa hiyo mtengenezaji asiende mbali na ndoo.

Mawese ya sokoni mara nyingi yako na maji na uchafu chini ya bidoni. Maji hayo yanadanganya mizani: mtu anadhani anapima mafuta, kumbe anapima maji pia, na soda inazidi. Dawa yake ni kuchemsha mafuta polepole mpaka yaache kulia «cha-cha-cha», kuyaacha yapoe, kuyachuja kwa kitambaa, kiisha kuyapima.

Rangi nyekundu inatoka ku karotini ya mawese. Wengine wanayapika mpaka moto mkali sana ili yawe meupe. Njia hiyo inafanya kazi lakini inatoa moshi unaochoma macho, na mafuta yakishika moto nyumba ya mbao haiponi. Sabuni ya manjano inafua sawa na nyeupe, tena rangi yake inafifia yenyewe wakati inakauka. Nguo nyeupe zikisuuzwa vizuri hazibaki na rangi.

Maji ya mvua njo bora kwa kazi hii. Maji ya Ziwa Kivu yako na madini mengi, zaidi manyesi, na madini hayo yanashika sabuni na kuifanya utando mweupe usio na povu. Njo maana sabuni inaonekana kama inakwisha haraka ufukweni. Anayefua na maji ya ziwa, asuuze ya mwisho na maji ya mvua kama yako.

Vipimo

Lita moja ya mawese haina uzito wa kilo moja. Iko karibu na gramu 900. Bidoni ya lita 20 inabeba karibu kilo 18, na kama muchuuzi alijaza mpaka shingoni inapita hapo. Vipimo vifuatavyo vinahesabu mafuta kwa kilo, siyo kwa lita:

- Mawese kilo 1: soda gramu 130, maji gramu 300
- Mawese kilo 5: soda gramu 650, maji lita 1 na nusu
- Mawese kilo 9 (karibu lita 10): soda kilo 1 na gramu 170, maji lita 2.7
- Mawese kilo 18 (karibu lita 20): soda kilo 2 na gramu 340, maji lita 5.4

Kilo moja ya mawese inaweza kumaliza karibu gramu 140 za soda. Hapa zimewekwa 130 makusudi. Mafuta kidogo yanabaki bila kugeuka, na hayo njo ulinzi wa mikono. Mawese ya kila mahali hayafanani, na bila ulinzi huo tofauti ndogo inageuka kidonda.

Mafuta ya mise, yale yanayotoka ndani ya kokwa, yanakula soda zaidi: gramu 160 kwa kilo moja. Yanatoa povu nyingi na sabuni ngumu. Wengi wanachanganya gramu 800 za mawese na gramu 200 za mise. Hapo soda inakuwa gramu 136. Mafuta ya ngombe yanapokea gramu 130 kama mawese. Mafuta ambayo jina lake halijulikani yasitumiwe kwa kubahatisha, sababu kila mafuta iko na kipimo chake.

Soda nayo inazeeka. Inavuta unyevu wa hewa, inashikana mabonge, inapoteza nguvu. Inunuliwe kavu, ndani ya mfuko uliofungwa, na ile inayobaki ifungwe papo hapo.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Mtu anayeanza atumie kilo moja ya mafuta. Bidoni nzima inangoja mpaka mkono uzoee. Kazi inafanywa nje ao mahali penye hewa, watoto na kuku wakiwa mbali, asubuhi wakati hakuna haraka.

1. Kupima kila kitu. Mafuta, soda na maji vinapimwa vyote mbele ya kuchanganya, kila kimoja ndani ya chombo chake. Uzito wa chombo kitupu unatolewa kwanza.

2. Kuyeyusha soda. Maji yanatangulia mu ndoo, soda inafwata polepole, kidogo kidogo, huku mti unakoroga. Haigeuzwi kamwe. Maji yakimwangwa juu ya soda, yanachemka kwa mara moja na kuruka usoni. Wanaofundisha kazi hii wanaisema hivi: «Soda inamufwata maji, maji haimufwate soda.» Ndoo inapata moto mwingi, karibu ya kuchemka, na mvuke unaotoka unachoma pua, uso ukae pembeni.

3. Kungoja ipoe. Saa moja mpaka mbili. Ndoo inawekewa mfuniko na mtu mzima anabaki karibu. Wakati huu njo wa hatari kuliko wote, sababu maji ya soda yanafanana kabisa na maji ya kunywa.

4. Kupasha mafuta. Ku Bukavu, Goma ao Butembo baridi inagandisha mawese, yanapaswa kuyeyushwa yote. Ku Uvira na Kalemie mara nyingi jua linatosha. Mafuta na maji ya soda vyote viwe na moto wa kadiri: mtu akigusa ndoo kwa nje anasikia moto lakini anaweza kuacha mkono pale.

5. Kuchanganya. Maji ya soda yanamwangwa ndani ya mafuta kwa uzi mwembamba, na mti unazunguka bila kusimama, upande mmoja. Mchanganyiko unabadilika rangi, kutoka nyekundu kuelekea chungwa lililopauka. Baada ya nusu saa ao saa moja, wakati mwingine mbele, unakuwa mzito kama uji wa mtoto. Mti ukiinuliwa, tone linaloanguka linabaki juu na alama yake inaonekana. Hapo imeshika.

6. Kumwanga mu sanduku. Sanduku linagongwa chini kidogo ili hewa itoke, linafunikwa na gunia ao blanketi nzee. Moto wa ndani unamalizia kazi usiku.

7. Kukata. Baada ya siku moja ao mbili sabuni inatoka mu sanduku na kukatwa kwa waya ao kisu. Ganti zinavaliwa bado, sababu soda haijakwisha yote.

8. Kukausha. Vipande vinapangwa juu ya mbao, kivulini, vikiachana nafasi ili hewa ipite. Muda wake ni majuma manne. Kwa hesabu ya soko hayo ni majuma marefu, lakini ndani yake soda inamalizika na maji yanatoka. Sabuni iliyouzishwa siku ya tatu inakwaruza mikono na inayeyuka mu beseni kama siagi.

Wengine wanaipika sabuni juu ya moto mdogo, mu chungu cha chuma, saa mbili ao tatu mpaka iwe kama kiazi kilichopondwa. Njia hii inamaliza soda siku ile ile, na kukausha kunabaki kwa ajili ya ugumu tu. Lakini sabuni inayopikwa inafura kwa ghafla na kumwangika, na kuni nazo ziko na bei.

Alama za sabuni iliyoharibika

Sabuni inayovunjika kama chaki, yenye vumbi jeupe ao mishipa myeupe ndani, ao yenye matone ya maji yanayochoma juu yake, iko na soda nyingi. Isiuzishwe. Inaweza kukwaruzwa, kuyeyushwa na maji kidogo juu ya moto mdogo, kuongezwa gramu 50 za mafuta kwa kila kilo, kukorogwa mpaka ishikane, kiisha kukaushwa upya.

Sabuni laini yenye mafuta juu haikukorogwa vya kutosha, ao soda ilikuwa imezeeka. Iyeyushwe tena na kukorogwa. Kuongeza soda kwa jicho juu ya sabuni iliyoharibika kunazaa kosa la pili lililo baya kuliko la kwanza.

Wazee wa kazi wanalamba kipande na ncha ya ulimi ili kusikia kama kinauma. Ni desturi, lakini soda iliyobaki inaweza kuunguza ulimi kweli. Penye karatasi ya kupimia pH, kama ile ya maabara, kipande kinalowanishwa na karatasi inabandikwa: 9 mpaka 10 ni kawaida ya sabuni, kupita 11 ni dalili mbaya.

Kama soda haiko: sabuni ya majivu

Vijijini, mbali na butiki, majivu bado yanafanya kazi. Yanayofaa ni majivu ya miti migumu, ya maganda ya ndizi na ya mikungu mitupu ya ngazi, yale yaliyo meupe na mepesi. Yanajazwa ndani ya ndoo yenye vitundu chini, juu ya nyasi kavu, na maji ya mvua yanapitishwa polepole. Yanayotoka chini yana rangi ya chai na yanateleza mu vidole. Yanachemshwa mu chungu cha chuma mpaka yai bichi lielee juu yake. Hiyo njo alama ya zamani kwamba yameshika nguvu. Kiisha mafuta yanaongezwa na kupikwa masaa mengi.

Sabuni ya majivu ni laini na nyeusi-nyeusi, inawekwa mu kopo badala ya kukatwa vipande. Chumvi ya kawaida ikiongezwa mwishoni inasaidia kuigandisha. Nguvu ya maji ya majivu haipimiki vizuri, kwa hiyo sabuni hiyo haifanani mara mbili. Na watu wasidanganyike na neno «ya asili»: maji ya majivu yaliyochemshwa yanaunguza macho kama soda.

Ajali ikitokea

Soda ku ngozi: nguo iliyolowana inatolewa mara moja, na mahali pale panaoshwa na maji yanayotiririka kwa nusu saa. Ndimu na siki havipakwi, wala mafuta na dawa ya meno. Siki ikikutana na soda inaongeza moto juu ya kidonda.

Soda mu jicho: jicho linafunguliwa kwa vidole na kumwagiwa maji safi nusu saa bila kupumzika, kiisha mtu anapelekwa hospitali hata kama maumivu yamepunguka. Jicho linaweza kupotea kwa masaa machache.

Mtoto amekunywa soda: asitapishwe. Katika jamaa nyingi desturi ni kumpa mawese ao maziwa na kumtapisha, kama kwa sumu nyingine. Kwa soda, kutapika kunaunguza koo mara ya pili, na mafuta hayaiondoi nguvu yake. Midomo inasafishwa na maji, na mtoto anapelekwa hospitali papo hapo pamoja na chombo alichokunywa. Asingojewe mpaka aanze kulia. Anayenusurika anaweza kubaki na koo iliyokazana, asimeze hata uji, akirudishwa hospitali mara nyingi ili koo ipanuliwe.

Ajali nyingi za namna hiyo zinaweza kuzuiwa na jambo moja: soda isiingie kamwe ndani ya chupa ya maji, ya sukari ao ya bia. Ikae ndani ya chombo chake, chenye alama, kimefungwa, juu kabisa ao ndani ya sanduku lenye kufuli. Ndoo za kazi zioshwe siku ile ile.

Hesabu ya feza

Bidoni ya kilo 18 za mafuta, na soda na maji yake, inatoa karibu kilo 25 na nusu za sabuni mbichi. Ni vipande 64 vya gramu 400. Vikikauka, kila kipande kinapoteza maji na kubaki karibu gramu 350. Anayepanga bei kwa uzito wa sabuni mbichi anamdanganya mteja, ao anajidanganya mwenyewe.

Bei ya kipande inapatikana hivi: feza ya mafuta, ya soda, ya usafiri, ya kuni na ya sashe zinajumlishwa, kiisha zinagawanywa kwa 64. Kazi ya mikono na majuma manne ya kungoja vinaongezwa juu yake. Kama jumla inapita bei ya sabuni ya dukani yenye uzito sawa, msimu huo haufai kwa biashara, hata kama unafaa kwa matumizi ya nyumbani. Mawese yanashuka bei wakati wa mavuno na kupanda baadaye. Vikundi vinavyochanga kwa likelemba ao kwa AVEC vinanunua mabidoni wakati yako rahisi na kukausha sabuni nyingi kwa pamoja.

Kuna njia ya mkato inayojulikana: kuongeza unga wa muhogo, udongo mweupe ao silikati ili kipande kiwe kizito. Silikati kidogo viwandani ni kawaida. Unga wa muhogo unaota kuvu, na udongo haufui. Namba 72% inayogongwa juu ya sabuni ya Marseille inaonyesha sehemu ya mafuta iliyo ndani. Kadiri unga na udongo unavyoongezeka, namba hiyo inashuka na nguo inabaki chafu. Anayetaka kuuzisha kwa wingi, mbali ya kartie yake, OCC njo ofisi ya serikali inayopima ubora wa bidhaa.

Sabuni na magonjwa

Kolera haijaondoka kando ya maziwa Kivu na Tanganyika. Ebola ilipita Kivu Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020. Aina mpya ya Mpox ilitambuliwa Kamituga, wilaya ya Mwenga, na mwezi wa nane 2024 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa hatari ya kimataifa. Kila mara ujumbe wa kwanza ulikuwa ule ule: kunawa mikono na sabuni.

Sabuni ya mawese iliyokomaa inatimiza kazi hiyo. Virusi vya Ebola na vya Mpox vimevaa ngozi ya mafuta, na sabuni inaivunja. Vijidudu vya kolera vinaondoka ku mikono pamoja na povu na maji. Manukato na rangi haviongezi kitu. Kinachotakiwa ni sabuni iwepo karibu na choo na karibu na chungu, na isichubue mikono, sababu mtu anayeumia kila akinawa mwishowe anaacha kunawa.

Mnunuzi aulize nini

Mtu anayenunua sabuni ya kienyeji ku soko ana haki ya kuuliza maswali matatu: ilikatwa lini, mafuta gani yaliingia ndani, na soda ilipimwa na nini. Mtengenezaji anayejua kazi yake anajibu bila kukasirika, na atasema majuma na gramu. Anayejibu kwamba anatia «kwa jicho tu», sabuni yake ingojee kwanza mwezi mzima juu ya mbao.